Kiitikio, mwitikio na mapokezi: msamiati wa kuipokea albamu ya hip-hop

Mfasiri anayeandika kwa Kiswahili habari za albamu mpya ya hip-hop hukwama mapema kuliko anavyotarajia, na mara nyingi hakwami kwenye misimu ya msanii. Hukwama kwenye neno linaloonekana jepesi: lile la kutaja namna wasikilizaji walivyoichukulia kazi hiyo. Aandike mwitikio? Mapokezi? Maoni? Magazeti huyatumia yote matatu kana kwamba ni neno moja lenye sura tatu. Makala haya yanashikilia kwamba maneno hayo hayalingani, na kwamba tofauti zake hubainika vizuri yakipimwa kwa albamu halisi badala ya sentensi za kubuni. Albamu tuliyoichagua ni Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, iliyotoka Tanzania mwaka 2001. Sababu ya kuichagua ni kwamba mmoja wa nyimbo zake zilizovuma sana, Ndio Mzee, umejengwa juu ya jibu la wasikilizaji.

Tuanze na kitenzi ita. Anayeitwa huitika. Katika malezi ya Waswahili mtoto wa kiume alifunzwa kuitika kwa naam na wa kike kwa abee au labeka, na asiyeitika alihesabiwa kuwa amekosa adabu hata kama alikuwa tayari kufanya alichoitiwa. Hapa pana jambo la kuzingatiwa: kuitika si kukubali. Ni kuthibitisha kwamba sauti imefika. Mtu aweza kuitika naam na papo hapo akakataa alichoagizwa.

Itika ikitiwa kauli ya kutendea huwa itikia, na maana hupanuka. Kuitikia ni kujibu kwa namna inayoikamilisha kauli ya mwingine. Salamu huitikiwa. Dua huitikiwa kwa amina. Msimulizi akisema paukwa, hadithi haiendi mbele mpaka waliokaa wamjibu pakawa. Mtegaji wa kitendawili naye hungoja aambiwe tega. Vivyo hivyo mwimbaji huanza na wenzake humwitikia. Kutokana na kitenzi hiki tumepata kiitikio, yaani sehemu ya wimbo inayorudiwa na wote, na mwitikio, yaani jinsi watu wanavyojibu jambo lililoletwa mbele yao. (Wanafunzi wengi huliingiza neno itikadi katika ukoo huu. Silo lake. Itikadi imetoka katika Kiarabu, nayo inahusu imani anayoifunga mtu moyoni. Kufanana kwake na itikia ni kwa masikio tu.)

Kitenzi cha pili ni pokea. Nacho kina maisha mawili. Mgeni hupokewa, mzigo hupokewa, barua hupokewa. Lakini waimbaji nao humpokea kiongozi wao anapofika mwisho wa ubeti, na ndiyo maana kiitikio huitwa pia kipokeo. Kutokana na pokea tumepata mapokezi, na vilevile mapokeo, yaani yale ambayo kizazi kimoja kimeyapokea kutoka kwa kingine. Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kama iandikwe albamu imepokewa au imepokelewa. Maumbo yote mawili yanatumika na yote ni sahihi. La kwanza ni fupi na hupendwa na waandishi wa zamani, la pili limeenea zaidi katika uandishi wa habari wa leo.

Sasa tazama: vitenzi viwili vyenye asili mbalimbali, na kila kimoja kimezaa istilahi ya sehemu ya ndani ya wimbo na istilahi ya kinachoupata wimbo ukishatoka nje. Kiitikio na mwitikio. Kipokeo na mapokezi. Neno maoni halina jozi ya namna hiyo. Linatokana na ona, na mwenye maoni ni mtu aliyesimama kando akatazama. Kwa hiyo mfasiri ajiulize kwanza anazungumzia nini. Kama wasikilizaji wamefanya jambo, yaani wamenunua, wameimba pamoja, wamechukua msemo wa wimbo na kuupeleka sokoni au wamezima redio, huo ni mwitikio. Kama anataka kueleza kwa jumla hali iliyoikuta kazi ilipofika kwa watu, hayo ni mapokezi, nayo yaweza kuwa mazuri, baridi au ya mashaka. Kama anayo maneno waliyoyatamka au kuyaandika kuihusu kazi, hayo ni maoni. Albamu yaweza kupata maoni mengi na mwitikio hafifu. Mwandishi anayechanganya hayo humnyima msomaji habari yenyewe.

Albamu ya mwaka 2001 haikuitwa albamu tu. Wasikilizaji wengi waliijua kama kanda, kwa kuwa ilifika mikononi mwao katika kaseti, na kanda ni utepe. Wazee wao walikuwa wamenunua santuri. Neno albamu, ambalo kwa wengi lilianza kwa kumaanisha daftari la picha, lilibaki likitaja mkusanyo wa nyimbo bila kujali chombo, na hiyo ndiyo sababu limeshinda: kaseti zimetoweka, lakini mkusanyo umebaki. Liko katika ngeli ya I-/ZI-: albamu hii imetoka, albamu hizi zimetoka. Jina la albamu tunayoizungumzia lina swali lake la upatanishi, kwa kuwa machozi, jasho na damu hayamo katika ngeli moja. Ukitaja vitu vyenyewe, sarufi hukimbilia VI-: machozi, jasho na damu vilimtoka. Ukitaja kazi ya sanaa, upatanishi hufuata albamu: Machozi, Jasho na Damu ilitoka mwaka 2001. Wahariri wengine huogopa sentensi hii ya pili; wasiogope.

Kuhusu kitenzi cha tendo la kutoa, Kiswahili kina utajiri ambao waandishi wa siku hizi wanaupuuza. Msanii hutoa albamu, na hilo latosha. Akiandaa hafla, huizindua. Zindua asili yake ni kumwamsha mtu kutoka katika usingizi au kupumbazwa, na si bure kwamba jambo jipya hudhaniwa limelala mpaka liamshwe mbele ya mashahidi. Akitaka kuitoa kwa kishindo, huifyatua, kitenzi cha mtego, cha bunduki na cha matofali, ambacho magazeti yetu yalikitumia kwa nyimbo kwa miaka mingi. Mitaani huiachia, na kuachia kumekwisha kupata uraia. Lakini kudondosha albamu ni sura ya Kiingereza iliyovishwa kanzu. Kwa Mswahili kinachodondoka hudondoka kwa bahati mbaya, au ni tone. Katika mazungumzo ya vijana hatuna haki ya kulikataza. Katika tafsiri rasmi hatuoni sababu ya kulikaribisha ilhali fyatua ipo.

Mwitikio wa kwanza ambao muziki huu ulikutana nao nchini Tanzania ulikuwa wa kuupa majina. Baada ya utangazaji kufunguliwa kwa watu binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Radio One kuanza kurusha matangazo mwaka 1994, hip-hop ya Marekani na ya wenyeji ilianza kusikika majumbani, na wazazi wengi waliita uhuni. Neno hili linahitaji uangalifu likitafsiriwa. Mhuni wa zamani alikuwa zaidi ya mkorofi. Alikuwa mtu asiye na makazi wala mafungamano, anayetangatanga, asiyeoa. Kwa hiyo kuuita muziki uhuni hakukuwa kusema kwamba una matusi tu. Kulikuwa kusema kwamba hauna kwao. Jina jingine, muziki wa kufokafoka, lilichukuliwa na waandishi wa habari wasiokuwa na chuki yoyote. Foka ni kazi ya chungu kinachochemka hadi kikamwagika, kisha ni kazi ya mtu asemaye kwa hasira. Kulirudia kukafanya tendo liwe la mfululizo. Jina hilo linaeleza alichokisikia aliye nje ya chumba, yaani kasi na ukali, bila maneno.

Waliokuwa ndani ya chumba waliyasikia maneno, na majina yao yalikuwa mengine: kuchana, kushusha mistari, kughani. Kughani ni neno la ushairi. Mistari nayo ni neno la ushairi, ingawa mwalimu wa tungo za kimapokeo angependelea mishororo. Vina ni hivyohivyo. Msanii Fid Q wa Mwanza aliipa albamu yake jina la Vina Mwanzo Kati na Mwisho, na hakuna mwanafunzi wa sekondari aliyesoma tarbia asiyeelewa mzaha wake: kanuni za kimapokeo hudai vina vya kati na vya mwisho, naye akaongeza vya mwanzo, kama mtu anayemwambia mwalimu kwamba kazi ya nyumbani ameifanya na ziada. Kwa upande mwingine, shindano ambalo Afande Sele wa Morogoro alitawazwa mshindi wake mwaka 2004 liliitwa Mfalme wa Rhymes. Neno la Kiswahili lilikuwapo, fupi na zuri, na halikutumiwa. Ndivyo ilivyo lugha ya fani hii: huchota kwenye visima viwili asubuhi moja.

Hapa ndipo mapokeo na mapokezi hukutana. Katika miaka ya 1970 wataalamu wetu walibishana vikali kuhusu ushairi. Wanamapokeo walisimama na kanuni ambazo Amri Abedi alikuwa ameziweka katika kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri; wanamabadiliko, akiwamo Euphrase Kezilahabi aliyechapisha Kichomi mwaka 1974, waliandika bila vina wala mizani. Ukiiweka hip-hop ya Kiswahili kwenye mizani hiyo, utaona jambo ambalo wazazi waliolalamikia uhuni hawakulitazamia. Kijana mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma alikuwa, kwa upande wa vina, karibu zaidi na Amri Abedi kuliko alivyokuwa msomi wa chuo kikuu. Mizani hakuihesabu kwa silabi nane nane, kwa kuwa mdundo ulimhesabia. Lakini vina alivifia. Naona kwamba mapokezi ya baadaye, yale ya watu wazima waliokuja kuukubali muziki huu, yalitegemea mapokeo hayo kuliko inavyosemwa kwa kawaida. Sikio lililolelewa na mashairi ya redioni lilitambua kitu chake.

Professor Jay, ambaye jina lake ni Joseph Haule, hutajwa mara nyingi miongoni mwa waliofanikisha mabadiliko hayo. Kabla ya albamu yake binafsi alikuwa katika kundi la Hard Blasters, ambamo mmoja wa wenzake alijiita Fanani. Jina hilo ni istilahi ya darasani: katika fasihi simulizi fanani ndiye anayesimulia au kuimba, na wanaomsikiliza ni hadhira. Tahadhari ndogo kwa walimu: hadhira, kwa asili yake, ni waliohudhuria. Kwa tamasha ni neno sahihi kabisa. Kwa albamu iliyorekodiwa, ambayo mtu huisikiliza peke yake ndani ya daladala, wasikilizaji ni neno salama zaidi. Na mashabiki si mbadala wa wasikilizaji. Shabiki amekwisha kuchagua upande kabla wimbo haujaanza; kushabikia na ushabiki vina harufu hiyo ya upendeleo hata katika habari za mpira.

Ndio Mzee ni wimbo wenye fanani na hadhira ndani yake. Anayesema ni mwanasiasa mbele ya mkutano. Anatoa ahadi, na ahadi zinapanda kutoka kwenye zinazosadikika hadi kwenye zile za wanafunzi kupelekwa mwezini kwa mafunzo ya vitendo. Baada ya kila ahadi huwauliza watu, nao humwitikia kwa maneno yaliyoupa wimbo jina. Kicheko hakitoki kwa mwanasiasa peke yake, kwa kuwa wanasiasa waongo walikwisha chekwa sana kabla yake. Kinatoka kwenye kiitikio. Ahadi zinabadilika, jibu halibadiliki.

Tukumbuke wakati wenyewe. Vyama vingi vilirejeshwa Tanzania mwaka 1992. Uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya mfumo huo ulifanyika mwaka 1995, na wa pili mwaka 2000. Kwa hiyo wimbo uliwafikia watu ambao mikutano ya kampeni ilikuwa bado masikioni mwao. Katika mikutano hiyo kuitikia ni sehemu ya utaratibu: msemaji hutaja jina la chama, umati hujibu hoyee, na mkono hupanda juu kabla akili haijaulizwa. Msikilizaji wa kanda alijisikia mwenyewe ndani ya umati ule.

Mwanafunzi wa fasihi ataona kufanana na ngonjera, na afuate alichokiona. Mathias Mnyampala ndiye aliyeikuza ngonjera ikawa chombo cha elimu ya siasa, na mkusanyo wake wa Ngonjera za UKUTA ulitumiwa sana mashuleni. Ngonjera ni ubishi wa pande mbili kwa ushairi: mmoja haelewi au anapinga, mwingine anaeleza, na mwishoni wanakubaliana. Makubaliano ni tunda la mabishano. Hayaji kabla yake. Katika Ndio Mzee utaratibu umepinduliwa. Makubaliano yapo tangu jibu la kwanza, na mabishano hayaji kabisa. Ni ngonjera iliyopoteza upande mmoja. Sidai kwamba msanii aliikusudia ngonjera. Nadai kwamba msikilizaji aliyekariri ngonjera shuleni, na waliozikariri ni vizazi vizima, alikuwa na kipimo cha kusikia kilichokosekana.

Sasa tahajia, maana bila shaka msomaji wa ukurasa huu amekwisha kuikunjia uso. Katika Kiswahili Sanifu jibu la kukubali huandikwa ndiyo. Limeundwa kwa ndi- ya kusisitiza na kiishio cha ngeli ya I-. Ndio, bila y, ni ndi- pamoja na o, na hupatana na ngeli nyingine: wao ndio waliokuja, mti huu ndio uliokatwa, ukuta huu ndio ulioanguka. Katika usemaji wa haraka y hiyo haisikiki, na waandishi wengi wameiacha. Wimbo umeandikwa Ndio Mzee, na anayeutaja hana ruhusa ya kuusahihisha, kama asivyo na ruhusa ya kusahihisha jina la mtu. Anapotumia usemi wenyewe katika sentensi yake, aandike ndiyo mzee.

Mzee nalo si neno la umri tu. Mtu wa miaka arobaini mwenye cheo huitwa mzee na karani wa miaka sitini. Rais Ali Hassan Mwinyi aliitwa Mzee Ruksa kwa upendo na kwa utani kwa pamoja. Likitafsiriwa kwa neno la umri katika lugha nyingine, wimbo hufa. Kinachotakiwa ni neno linalobeba heshima na uzito wa mamlaka, na ambalo msemaji hulitamka pia kwa baba yake. Hapo ndipo uchungu ulipo: adabu ile ile ya nyumbani, inayomfunza mtoto kuitika anapoitwa, ndiyo inayomfunga mdomo mkutanoni. Tofauti kati ya kuitika na kukubali, ambayo lugha inaihifadhi kwa makini, mkutano umeifuta.

Usemi huu ulikuwapo kabla ya wimbo, kwa kuwa ni jibu la kila siku. Kilichobadilika ni kwamba sasa huweza kusimama kama kifafanuzi: watu wa ndiyo mzee, siasa za ndiyo mzee. Ni vigumu leo kulitamka jibu hilo kwa sauti kubwa mbele ya mkubwa bila mtu mmoja kutabasamu. Huo ni mwitikio, kwa maana tuliyoieleza. Hakuna mauzo yanayoweza kuupima.

Lakini lugha ya kusifia albamu ina ujanja wake. Mitaani, msikilizaji aliyeridhika na msanii husema namkubali. Kubali katika matumizi haya haimaanishi kuafiki rai fulani. Humaanisha kukiri ubora wa mtu, na ndiyo maana hudai kiambishi cha mtendwa. Nakubali ni kuafiki au kukiri; namkubali ni kumpa mtu cheo. Anayefasiri namkubali Professor Jay kwa maana ya kwamba naafikiana naye amekosea, na kosa si dogo, kwa sababu albamu inayokemea kukubali kila kitu ilisifiwa kwa kitenzi hichohicho. Msikilizaji aliyesema namkubali hakujikanusha. Kiambishi -m- ndicho kilichomwokoa.

Sifa na lawama nyingine zimeelezwa kwa urefu na Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling katika utafiti wao wa mwaka 2006 kuhusu lugha ya mitaani nchini Tanzania. Hapa tutagusa moja, kwa sababu huwatega hata wenyeji. Msanii akishindwa husemwa amechemsha. Na bado wimbo uliompandisha Professor Jay akiwa na Hard Blasters unaitwa Chemsha Bongo, na hakuna anayeuelewa kama wimbo wa kushindwa. Tofauti iko kwenye yambwa. Chemsha bongo, ubongo ukiwa sufuriani, ni kufikiri kwa bidii, na huwa pia jina la maswali ya kupima akili. Chemsha isiyo na yambwa ni kuharibikiwa mbele za watu. Amechemsha bongo ni sifa. Amechemsha ni fedheha. Wanafunzi wapewe sentensi hizo mbili ubaoni bila maelezo, wabishane. Bongo yenyewe, kama inavyojulikana, ilitoka kichwani ikawa jina la Dar es Salaam, mji usiokalika bila akili, kisha la nchi nzima.

Mengine ni mepesi. Amefunika ni amewapita wenzake. Anatesa ni anatamba, na mtesaji huyo hamdhuru mtu. Imetulia husemwa kwa wimbo uliokaa sawa, hata ukiwa wa kelele. Kukonga nyoyo ni usemi wa waandishi wa magazeti, mzuri ulipokuwa haujachakaa.

Kisa cha mwanasiasa na umati wake hakikuishia mwaka 2001. Professor Jay alikiendeleza katika Kikao cha Dharura, na baadaye akatoa Nang'atuka. Jina hilo la mwisho linastahili ingizo lake katika kamusi. Ng'atuka ni neno la Kizanaki lililoingia katika Kiswahili cha wote kupitia Julius Nyerere, aliyelitumia alipoacha urais mwaka 1985. Tangu hapo halimaanishi kujiuzulu tu. Anayejiuzulu aweza kuwa amesukumwa. Anayeng'atuka huondoka kwa hiari angali anatakiwa, na huacha kiti kikiwa na heshima. Mwanasiasa akilitamka kwa nafsi ya kwanza, anajipa heshima ya Nyerere kabla wengine hawajaamua kama anastahili. Mfasiri atakayeweka neno la kawaida la kuacha kazi atakuwa amepoteza kejeli yote.

Wanamuziki wa rika hilo nao walikwenda kuomba jibu la umati. Joseph Mbilinyi, aitwaye Sugu, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010; Joseph Haule alichaguliwa Mikumi mwaka 2015; Hamis Mwinjuma, yaani Mwana FA, alichaguliwa Muheza mwaka 2020. Anwani yao katika maandishi rasmi ikabadilika: Mheshimiwa, si msanii. Mheshimiwa ni kauli ya kutendwa, mtu ambaye heshima anapewa na wengine, na katika kumbukumbu za Bunge hutangulia jina bila kujali umri. Mzee halikuandikwa katika kumbukumbu hizo, lakini majimboni liliendelea kutumika. Mhariri anayeandika habari za albamu za watu hawa atumie jina la kisanii kwa kazi za muziki na jina kamili lenye anwani kwa shughuli za Bunge, na asiyachanganye ndani ya sentensi moja isipokuwa mchanganyiko huo ndio habari yenyewe.